Nchi Niliyoichagua Nikiwa Uyole

Nilipomaliza kidato cha sita Iringa mjini, nilirudi nyumbani Kilolo na bahati ambayo sikujua niifanyie nini. Marafiki wa usharika wetu wa Kilutheri, watu wa ng'ambo waliokuwa wakisaidia vijana wachache, walikubali kunisomesha shahada ya biashara ya kimataifa. Sharti lao lilikuwa moja tu: nchi nichague mwenyewe, na nieleze kwa nini.

Mtu akikuambia chagua kati ya nchi mbili, utachagua. Akikuambia chagua dunia, unakaa chini.

Wenzangu wote nyumbani walikuwa na nchi tayari. Mchungaji alitaka Ujerumani, kwa sababu huko ndiko ulikotoka Ulutheri na yeye mwenyewe aliwahi kufika akala mkate mweusi. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyekuwa akiuza vitenge na mapazia Mwanjelwa, Mbeya, hakutaka kusikia kingine zaidi ya China. Alikuwa amekwisha kwenda Guangzhou kufunga mzigo, na kila akipiga simu alianza na hilo hata kabla ya salamu.

"Wewe mtoto, dunia nzima inakwenda kununua China. Sasa unataka ukasome kwa muuzaji au kwa mteja?"

Mama alisema nchi yoyote itafaa, mradi kuna kanisa na baridi yake haizidi ya Kilolo. Hakujua kwamba kwa sharti hilo la pili alikuwa amefuta nusu ya ramani.

Baba peke yake ndiye ambaye hakutaja nchi. Baba ni mkulima. Alianza na mahindi na viazi kama wenzake, kisha akapanda parachichi mteremko mzima nyuma ya nyumba wakati watu bado wanacheka kwamba parachichi ni chakula cha watoto. Nilimfuata shambani nikamuuliza yeye anaonaje. Aliendelea kukata matawi.

"Mimi Dar yenyewe nimefika mara moja, nikaugua. Usiniulize habari za nchi, mwanangu."

Nikabaki na simu yangu. Nilisoma kurasa za vyuo mpaka macho yakauma. Kila chuo kilikuwa na picha ileile ya vijana wanaocheka juu ya majani. Asubuhi nilikuwa wa Malaysia, mchana wa Uturuki, jioni sina nchi. Nilichokuwa namficha kila mtu ni kwamba sikujua hasa biashara ya kimataifa ni nini. Nilijua maana yake ya mtihani. Lakini nilipofumba macho nijione nikiifanya, sikuona kitu, isipokuwa suti.

Ndipo kikundi cha wakulima cha baba kikaitwa Mbeya. Msimu ule walikuwa wameuza nje kwa mara ya kwanza. Mchumo wao wa kwanza ulikuwa umeshaondoka kitambo, na sasa kampuni iliyowanunulia ilitaka mjumbe mmoja aje na mchumo wa pili, aone kiwandani matunda yanavyoandaliwa, na azungumze na wanunuzi wa Ulaya kwa simu ya video. Aje na mtu anayejua Kiingereza, walisema. Baba alikuwa katibu wa kikundi. Mtu anayejua Kiingereza nilikuwa mimi.

Tulipanda lori lililobeba kreti zetu, baba katikati, mimi dirishani. Tukapita Iringa, tukaingia misonobari ya Mafinga, tukashuka Makambako mpaka joto la nyanda za Mbarali, ambako malori ya mpunga yalikuwa yanatoka njia ya Madibira. Baba aligeuka kila lori lilipokanyaga shimo, kama mtu aliyebeba mgonjwa nyuma. Jioni tulilala kwa mama mdogo. Alitupikia wali na kumbikumbi, akanionyesha picha za Guangzhou tena, na kabla sijalala akaniuliza kama tayari nimeandika barua ya China. Nikamwambia bado.

"Shemeji," akamgeukia baba, "mwambie mwanao."

"Mwanangu ana masikio, shemeji," baba akajibu. "Amekusikia."

Asubuhi tulikwenda kiwandani. Kilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa Uyole, jengo refu la bati jeupe ambalo ningelipita mara mia nikidhani ni ghala la mbolea. Mlangoni tulipokewa na bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa kampuni, mama mchangamfu aliyetuvisha makoti meupe na kofia za nailoni. Alikuwa Mbena, basi akamwamkia baba "Kamwene," salamu ya kwao na yetu Wahehe, na baba akaitika kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Nikajua ana wasiwasi.

Kisha mlango ukafunguliwa, nami nikasimama.

Maparachichi yalikuwa yanaelea kwenye maji kama bata. Yakatoka majini, yakapita chini ya brashi laini, yakapangwa na mikono ya akina mama kwenye mkanda unaotembea, na mbele zaidi kila moja likalala peke yake kwenye kikombe chake. Kikombe kilipofika mahali fulani kililipima tunda, kikafikiri, kikaliangusha kwa wenzake wa uzito uleule. Nasema kikafikiri kwa sababu ndivyo ilivyoonekana. Maelfu ya vikombe yakipita, hakuna aliyepiga kelele, hakuna tunda lililogongana na jingine. Matunda tuliyoyachuma kwa ngazi na kuyabeba kichwani yalikuwa yanashughulikiwa kama vito.

Baba alivua kofia ya nailoni. Nadhani mkono ulifanya wenyewe, kama anavyofanya akiingia kanisani. Bibi shamba akamrudishia kwa upole, akasema humu haivuliwi.

Alitupeleka chumba cha baridi. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo sijalisahau.

"Tukishayapima tunayalaza hapa. Parachichi likishachumwa halijafa, mzee. Linapumua. Likipumua haraka linaiva. Sasa sisi tunalipunguzia joto na hewa, linapumua polepole. Linasinzia. Kwenye kontena linaendelea kusinzia, Dar mpaka baharini, mpaka lifike kwa wanunuzi walifungue."

Baba alimtazama kuona kama anataniwa. "Yaani haya yote humu yanapumua?"

"Yote."

Pumzi zetu zilikuwa zinatoka moshi mbele ya midomo. Ukuta kwa ukuta, juu mpaka darini, maboksi yalikuwa yamepangwa, na nilipojua kwamba ndani yake mna kitu kinachopumua, chumba kizima kilibadilika. Nilijikuta natembea kwa vidole.

Ofisini walikuwa wameandaa kompyuta kubwa. Upande wa pili alitokea mwanamke wa makamo mwenye koti la kazi, amesimama kwenye ghala karibu na bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Nyuma yake kulikuwa na kontena lililofunguliwa linatoa ukungu. Aliinua boksi mbele ya kamera. Ubavuni lilikuwa na namba, na chini ya namba, kwa herufi ndogo lakini zinasomeka, jina la kijiji chetu.

Ni kijiji ambacho hata Iringa mjini watu huniuliza kiko wapi.

Mwanamke yule alitoa tunda, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalipasua kwa kisu. Lilikuwa gumu, la kijani, kama limechumwa jana. Akasema hali ni nzuri sana, kikundi kimefanya vizuri. Nikatafsiri. Nilidhani baba ataomba bei ipande, maana ndivyo wenzake walivyomtuma. Aliomba hilo pia, baadaye. Lakini kwanza aliniambia:

"Muulize, njiani nani alikuwa analichunga?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikauliza kama alivyosema, kwa Kiingereza changu cha shule, na yule mwanamke akatabasamu, akaanza kueleza. Kuna dereva, anayeangalia mashine ya baridi kila anapopumzika. Kuna watu wa forodha. Kuna mwendesha winchi Dar. Kuna fundi melini, anayezunguka kila siku kusoma joto la kila kontena. Meli hubadilishwa njiani, huko nako kuna wengine. Kuna wa bima. Kuna wa bandari hapa kwao.

"Majina yao siyajui," akamaliza. "Wala wao hawanijui mimi. Kila mtu alifanya sehemu yake."

Nikamtafsiria baba. Alisogea karibu na kompyuta, akalitazama lile tunda lililopasuliwa.

"Hawajuani," akasema, kama anajisemea. "Watu wote hao hawajuani, lugha mbalimbali, dini mbalimbali. Na hakuna hata mmoja aliyeliacha lioze."

Mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimesoma ugavi, nimesoma mizigo na masharti ya mauzo, nimepata alama nzuri. Hakuna siku niliyofikiri kwamba chini ya maneno yale kuna kitu hiki, watu wasiojuana waliopokezana tunda la baba yangu kutoka mkono hadi mkono, usiku na mchana, juu ya maji ambayo yeye hajayavuka. Nilijihisi mdogo sana. Na nilifurahi kuwa mdogo.

Tulipotoka nje, baba aliketi kwenye ukingo wa saruji kuvua koti. Mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na wingu nusu.

"Mimi nilidhani unakwenda kujifunza kuuza," akaniambia.

"Na mimi nilidhani hivyo, baba."

"Basi nenda mahali wanapopokea."

Alitamka hivyo tu, akarudi kudai bei.

Mama mdogo alikasirika siku mbili. "Uholanzi! Nchi yenyewe hata sijui wanauza nini!" Mchungaji alisema si mbali na Ujerumani, akaridhika. Mama aliuliza kama kuna kanisa, nikamwambia yapo mengi. Akauliza baridi, nikamwambia ukweli, akaanza kunifumia sweta. Kwa wafadhili niliandika sababu yangu kwa mistari michache, nikaeleza ule ukungu uliotoka kontenani, nikidhani wataniona mtoto. Walikubali. Chuo cha kwanza kilinikataa, cha pili kikanipokea. Viza ilichelewa mpaka nikaanza wiki mbili nyuma ya wenzangu.

Huko nilifeli hesabu za takwimu, nikarudia. Niliumwa upweke Januari, ambapo jua linakuchwa kabla hujamaliza chakula cha mchana. Sisemi ilikuwa nchi bora kuliko nyingine. Wapo niliosoma nao kidato cha sita waliokwenda China na Uturuki, nao leo wananishinda kwa mengi.

Lakini mwalimu wetu wa ugavi alitupeleka bandarini. Tulisimama ukingoni mwa maji, upepo unakata masikio, mbele yetu meli ndefu kuliko mtaa mzima wa Mwanjelwa. Winchi zilikuwa zinashusha makontena, na chini yake magari marefu bapa yalikuwa yanakuja, yanapakiwa, yanapinda, yanapishana. Nilitafuta madereva. Hayakuwa na madereva. Hayakuwa hata na mahali pa kukaa dereva. Yalikwenda yenyewe, mamia, kwa adabu, moja likingoja jingine lipite.

Wenzangu walipiga picha. Binti mmoja kutoka Vietnam, aliyekuwa rafiki yangu, alinitazama akauliza kama naumwa. Nikatikisa kichwa. Nilitaka kumweleza kwamba tunda la baba lilipita bandari hii mikononi mwa watu wasiojuana, lakini maneno yaliyonijia yote yalikuwa ya Kihehe, na ya Kihehe hayakutosha. Akanishika mkono, tukasimama pale tunaangalia mpaka basi likapiga honi.