Bembea ya Kupanda Tu

Sisi wapenzi wa filamu za safari za anga tuna kundi letu la simu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Mwaka jana tulisikia kwamba huko ng'ambo wanajenga bustani ya michezo iliyotokana na filamu zetu. Basi ugomvi ukaanza: waweke bembea ya namna gani? Karibu wote walitaka ya kutumbukia shimoni, gizani. Nikawaka. Mimi naishi Masumbwe, na mume wangu hushuka duarani, shimo la wachimbaji, kwa kamba kutafuta dhahabu. Shimo la kulipia kiingilio ni la nini?

Nilikuwa bado nafoka, naye ananawa tope uani. Akaniomba simu, akarekodi sauti yake kwa upole.

"Jamani, wakubwa shikamooni. Mimi ningejenga ya kupanda tu. Mnaanzia chini kwenye giza, mnavutwa polepole, na kule juu awepo mtu wa kuwaita kwa majina."

Akaituma kundini. Kisha mmoja wa Kishapu, mbishi kuliko wote, akasema hiyo hata yeye angeipangia foleni.

Sidhani kama huko ng'ambo watatusikia. Lakini nalishukuru sana bishano lile. Siku hizi nikisikia pikipiki yake inakata kona, simuulizi kwanza kama wamepata mawe yenye dhahabu. Nasimama mlangoni namwita jina lake, naye hunijibu, "Nimetoka."