Ua la Plastiki Katika Okidi ya Mama

Nilichomeka ua la plastiki katikati ya okidi ya Mama. Njo ujinga wangu. Okidi ile, ambayo maua yake yana umbo la kiatu, aliitunza miaka mine bila kuona ua hata moja, na majirani walimucheka: "Mama Furaha, unalea majani!" Mimi nilitaka mzaha tu. Lakini Mama aliliona kutoka mlangoni, akapiga vigelegele, akakimbia kuwaita wamama wa kwaya. Walikuja wakiimba. Mimi, mudomo wa darasa nzima, nikapiga makofi pamoja nao. Mama Ester, mumoja wao, akalivuta alinuse. Likatoka na waya wake, na kwenye ncha ya waya kulining'inia tumba dogo la ua la kweli, limetobolewa.

Wageni walipoondoka, Mama alisema: "Lilikuwa linakuja, mutoto wangu. Lilikuwa linakuja lenyewe."