Siku Nilipoomba Nguvu Thelathini kwa Unyenyekevu

Wapo watu hapa Tukuyu ambao hadi leo wakiniona napita na mwavuli wangu huulizana kwa sauti ya chini, "Lile lori limeshatua?" kisha wanacheka, nami huinua kofia na kuwasalimu, kwa sababu aibu ile ni yangu kihalali, niliichuma kwa mikono yangu miwili ukumbini mwa kanisa, mbele ya baraza zima la wazee, nikiwa nimevaa koti zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Namshukuru Mungu aliyeniweka hai hadi nikaweza kuisimulia bila kutokwa na jasho (kidogo tu hutoka, kwapani).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyozoea kuonyesha chumvi na viberiti yalipoanza kujaa vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua, na mwanangu Gwamaka akaingia katika biashara ya mitumba. Siku moja alifungua robota la makoti ya baridi (na baridi ya kwetu mnaijua), katikati ya makoti akakuta boksi la mchezo lenye kijitabu cha Kiingereza, kadi, na dadu za ajabu, mojawapo ina pande ishirini kama jiwe lililochongwa na mtu mwenye subira nyingi. Koti moja akaniletea mimi. Boksi alitaka kulitupa, lakini mke wake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akalichukua, akakisoma kile kijitabu msimu mzima wa mvua, akaanza kuwachezesha vijana wa kanisa jioni baada ya mazoezi ya kwaya.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Kila mtu anajitungia shujaa, anamwandikia kwenye kadi uwezo wake kwa nambari, nguvu kadhaa, akili kadhaa, kisha msimamizi anasimulia jambo lililotokea na wewe unasema shujaa wako anafanya nini, dadu inaamua kama ataweza. Vijana waliupenda hata wakaacha kuzurura stendi, nami moyoni nilisema ndaga, asante Bwana, maana nilikuwa nimeomba sana juu ya vijana wale.

Lakini mzee mwenzangu Anyosisye, ambaye tulibatizwa siku moja na hajawahi kuniachia neno lipite, alisema dadu ni dadu. "Wakirusha dadu sokoni mnaita kamari, wakirusha kanisani mnaita nini? Ibada?" Akataka baraza lifunge ukumbi na boksi lichomwe moto. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, wazee wote waje waone mchezo kwa macho yao, kisha wapige kura. Vijana wakaingiwa na hofu. Mimi mwenyekiti wa baraza nikawaambia wasihofu, nitacheza mwenyewe, ili baraza lione hakuna ubaya.

Hapa ni lazima niseme jambo moja, maana wageni hawalielewi. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutani nawe. Akisikia unakohoa njiani anaingia migombani, ukiwa na neno la kumwambia unampa mtu mwingine alipeleke. Siku hizi wengi wamelegeza, na wachungaji walikwisha kutuambia si lazima, lakini mimi na mkwe wangu tulikuwa tumeishika mila hiyo kwa heshima kabisa, na kwa miaka yote aliyokaa kwangu nilichokifahamu kwake ni ukingo wa kanga na kisigino kinachotokomea. Sasa msimamizi wa mchezo ni yeye, na mchezaji ni mimi. Tukafanyaje? Vijana wakasimamisha ile fremu ya mbao yenye pazia inayotumika kwenye igizo la Krismasi, yeye akakaa nyuma yake na kijitabu chake, na Tumaini, katibu wa umoja wa vijana, akawa anakwenda na kurudi kuchukua maneno. Tuliona tumepata njia safi sana.

Basi Jumapili ikafika, mvua inanyesha, ukumbi umejaa hadi watu wamekaa madirishani, mlangoni akina mama wametua sufuria kubwa la ndizi na nyama kwa ajili ya wazee, na Tumaini akasimama mbele yangu na kadi, akaniita tata, yaani baba. "Tata, shujaa wako tumpe nguvu ngapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mimi nimesoma shule ya misheni, nimesahihishiwa mitihani kwa alama mia, na nimefundishwa tangu utoto kukaa kiti cha nyuma. Nikajiuliza, mzee wa kanisa ajipe sitini? Themanini? Nikainamisha kichwa ili watu wote waone ninavyojishusha, nikasema, "Mimi mzee. Nipe thelathini tu."

Nyuma ya pazia nikasikia kitu kinaanguka. Tumaini akaenda, akarudi. "Tata, msimamizi anauliza kama una hakika."

"Mwambie asinionee huruma, asiniongezee. Thelathini inanitosha."

Mkwe hambishii baba mkwe mara ya pili. Kukawa na kunong'ona, Tumaini akarudi akasema, "Anasema, kama tata amesema, basi." Akaniuliza akili, nikasema ishirini. Kisha akasema kuna kipimo kingine, kinaitwa kiasi, yaani shujaa kuweza kujizuia asitumie nguvu zake zote. Nikacheka. "Hapo weka moja. Hiyo ninayo tayari mwilini, sihitaji ya kuandikwa." Wazee wenzangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, isipokuwa Anyosisye.

Jambo la kwanza likasimuliwa: lori la viazi linatoka Isongole, limekwama kwenye tope, juu yake wamekaa akina mama, giza linaingia. Shujaa wa mzee anafanya nini? Nikasema, "Analisukuma." Nikarusha dadu, ikabingirika, ikatoa kumi na nne.

Tumaini alikaa nyuma ya pazia muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameuma mdomo. "Tata, umelisukuma. Lori limetoka topeni."

"Mnaona?" nikawaambia wazee.

"Limepita juu ya Tukuyu. Limevuka Kyela. Kwa sasa liko juu ya Ziwa Nyasa na bado halijaanza kushuka."

Ukumbi ulilipuka. Anyosisye akasimama na fimbo yake. "Gwe mwenyekiti! Na wale akina mama?"

Hapo mtu mwenye busara angeomba radhi akakaa. Mimi nikasema shujaa anaruka kuwafuata awadake. Nikarusha. Tumaini akarudi: shujaa ameruka, lakini pale alipokanyaga ili aruke, barabara ya Kisondela imekatika na daraja limekwenda. Nikasema anarudi kutengeneza daraja, anang'oa mgomba mmoja wa kuziba. Tumaini akarudi akiwa anafuta machozi kwa kanga: mgomba umekuja na kilima. Kila nilipotaka kuponya jambo nililiua kabisa, na watu walikuwa wanapiga madirisha kwa kucheka, na mchungaji wetu, mtu mtaratibu, alikuwa ameficha uso ndani ya kitabu cha nyimbo na kitabu kinatetemeka.

"Nilikuwa nasukuma polepole!" nikasema. Nikavua lile koti, nikaliweka begani, nikasimama. "Angalieni. Polepole. Hivi!" Nikaweka mikono yote miwili kwenye kitu kilichokuwa karibu yangu, nikasukuma.

Kilikuwa ile fremu.

Ilikwenda kwa heshima zote, taratibu, kama mti mkubwa, pazia likatanda sakafuni, na hapo hatua moja mbele yangu ameketi mke wa mwanangu, kijitabu magotini, penseli sikioni, ananitazama usoni nami namtazama usoni. Ana macho makubwa. Sikuwa najua.

Hakuna aliyecheka. Yeye alijifunika kanga akazama chini ya meza iliyokuwa kando yake. Mimi nikajitupia koti kichwani nikageuka kukimbilia mlangoni, na kwa kuwa mtu mwenye koti kichwani haoni, mguu wangu wa kulia uliingia ndani ya sufuria la ndizi za wazee hadi kwenye fundo la mguu (zilikuwa bado za moto, na nililia kilio ambacho si cha mwenyekiti).

Nikabaki nimesimama hivyo hivyo, mguu mmoja katika chakula cha baraza. Nilichofikiria si mguu. Nilifikiria kwamba nimewapotezea vijana ukumbi wao, na Anyosisye nilimsikia anagonga fimbo akitaka kura ipigwe sasa hivi.

Ndipo ikatoka sauti chini ya meza, ndogo lakini thabiti, ikisema moja kwa moja, bila Tumaini. "Wazee wetu, naomba msipige kura kwa kosa la tata. Kipimo sikukieleza."

Akakieleza palepale, chini ya meza, na mimi nimetulia ndani ya sufuria. Alisema kijitabu kilipima watu kwa vitu vya kwao, akaona havitusaidii, akapima upya kwa vitu vyetu. Kumi ni kijana wa Isongole anayebeba gunia la viazi peke yake hadi barabarani. Huyo ndiye mwisho wa nguvu za binadamu. Kutoka hapo kila nambari inaongeza mara mbili: kumi na moja ni magunia mawili, kumi na mbili manne, kumi na tatu manane. Ishirini ni zaidi ya magunia elfu. Thelathini ni zaidi ya milioni. "Ndiyo maana kadi ina kiasi," alisema. "Shujaa wa hivi lazima kila akigusa kitu, dadu isizidi kiasi chake, la sivyo nguvu zote zinatoka. Vijana wanataka nguvu. Mimi nawafundisha kwamba anayejiongezea nguvu bila kujiongezea kiasi anaua anaowapenda. Tata alikuwa na kiasi moja."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, na namshukuru Mungu kwa yote, lakini sikuwahi kusikia yaliyonipata vile, tena nikiwa nanukia ndizi. Nilikuwa nimeomba nguvu ya mlima kwa sauti ya unyenyekevu, nikakataa kuulizwa mara ya pili, na ile moja niliyojigamba ninayo mwilini ndiyo iliyokosekana. Na binti mwenye akili kiasi kile alikuwa amekaa nyumbani kwangu miaka yote, nami nimejua kisigino.

Anyosisye akaishusha fimbo yake, akasema, "Kamari haijawahi kumwonyesha mtu moyo wake namna hii. Mimi nasema waendelee. Lakini ndizi alipe nani?" Mikono yote ikainuka kuukubali mchezo. Na aliyeutoa mguu wangu sufuriani ni Anyosisye mwenyewe.

Jioni ile mke wangu na dada zangu waliitengeneza ile aibu na kuuondoa ule mwiko kimila, kama wanavyojua wao, tukaomba, na tangu hapo mkwe wangu anaitwa kwa jina lake, Subilaga, na ananiamkia uso kwa uso. Nami niliapa kwamba sitataja nambari yoyote mbele za watu kabla sijauliza gunia ni kiasi gani, wala sitajishusha tena kwa sauti kubwa.

Bado nacheza. Shujaa wangu sasa ana nguvu nne. Juzi alilikuta tena lori la viazi topeni, na Subilaga akaniangalia juu ya kijitabu, akatabasamu. "Tata, nikuongezee?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Niitie watu tusukume."