Boksa wa Nyumba Yenye Mwiko

Mbwa yule alitokwa na mate tangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu. Napenda jambo hili lieleweke mapema, kwa sababu baadaye kila mtu alijifanya amelisahau, nami nikiwa mmoja wao.

Alikuwa jike, aina ya boksa, rangi ya udongo wa kwetu Karatu, kifua cheupe, mkia umekatwa ukabaki kipande. Tulimpata kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, miaka ya sabini ikielekea mwisho, mzungu mwenye shamba alipofunga virago kurudi kwao. Mume wangu alikuwa dereva pale. Wenzake waliomba majembe, meza na mapipa. Yeye akaomba mbwa. Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ganako, nina binti wa miaka mitatu na mama mkwe ndani ya nyumba, na mbwa niliowajua ni wale wetu wembamba, wenye pua ndefu, wanaolala nje na kujitafutia. Huyu alishuka kwenye lori, akaingia moja kwa moja jikoni, akakaa karibu na moto.

Uso wake ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Alikoroma huku macho yako wazi, na mashavu yake yalining'inia yakichuruzisha mate hadi kwenye sketi yangu ya kazi. Mzungu alikuwa ametoa maagizo matatu: asilale nje mwezi wa saba, maana manyoya yake ni mafupi na ukungu wa huku utamwua, akaguliwe kupe kila jioni, na asifungiwe kamwe mahali penye joto, kwa kuwa pua ile fupi haimpi hewa ya kutosha. Nilimsimulia mama mkwe maagizo hayo tukacheka wote wawili mpaka machozi. Mbwa wa kuogopa baridi na kuogopa joto, basi aishi wapi? Hata hivyo, kabla mwezi haujaisha, nilikuwa nimemshonea koti la gunia, na jioni nikisahihisha madaftari yeye aliniwekea kichwa juu ya miguu. Binti yangu alimpanda mgongoni, akamvuta masikio, akamlisha ugali kutoka mdomoni mwake. Mbwa hakuwahi hata kumkunjia uso.

Alizaa watoto watano kwa mbwa wa jirani. Hapo waliokuwa wakicheka wakaacha, kwa maana watoto wale walikuwa na vifua vipana, na nguruwe pori walikuwa wakitoka msituni kila msimu kutumalizia mahindi. Watu walikuja mmoja mmoja kuomba. Wa mwisho alichukuliwa na mjane mzee aliyeishi chini ya shamba letu, ukingoni mwa korongo, peke yake na wajukuu wawili. Alimfunga kwenye shuka lake mgongoni akaondoka naye.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Vita vya Kagera vilimchukua mume wangu pamoja na lori, kubeba askari. Wiki chache baadaye mimba yangu ya miezi mitano ikatoka.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopoteza mimba huwekwa mwiko. Hamchoti maji kwenye kisima cha wote. Hamwingii kwa watu na watu hawaingii kwenu. Mifugo yenu haikanyagi njia ya mifugo yao, hadi wazee waseme imetosha, na wazee hawana haraka. Mimi nilikuwa Mkristo, nimesoma chuo cha ualimu, nimetoka kufiwa na mtoto ambaye sikumwona, na sasa naambiwa nisisogee kwenye kisima. Nilikasirika sana.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia, "hasira hiyo ni yako peke yako. Mtoto wa mtu akiugua, watasema ni wewe."

Nikakaa nyumbani, hata shuleni nisiende, kwa shingo upande.

Katika siku hizo za mwiko ndipo bwana mifugo alipokuja kwenye josho kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nilisimama kwenye ua nikawatazama majirani wakiwavuta mbwa wao kwa kamba. Wa kwangu hakuweza kukanyaga njia ile. Watoto wake walirudishwa bila sindano; bwana mifugo alisema bado wachanga, waletwe safari ijayo. Ningeweza kutuma neno kwa balozi wa nyumba kumi ili bwana mifugo apite kwangu. Sikutuma. Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hutaka watu waje wenyewe kumbembeleza. Hakuna aliyekuja.

Siku ishirini hazikupita, mbweha akaingia uani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, mama mkwe anapeta maharage. Mbweha alitembea polepole, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akapita katikati ya kuku bila kuwaangalia. Hilo la kutowaangalia kuku ndilo lililonifanya nisisimkwe mwili. Boksa alimrukia, wakaviringishana kwenye maganda ya maharage, kisha mbweha akajinasua akaenda zake, polepole vilevile. Mbwa wangu alibaki na jeraha kwenye mdomo wa juu. Nililiosha kwa maji ya chumvi. Mama mkwe alitazama upande alikoelekea mbweha, akachukua ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango mchana kweupe.

Jeraha lilipona. Wiki zilipita, nami nikaanza kulala vizuri. Kisha asubuhi moja binti yangu aliingiza mkono kwenye mdomo wa mbwa kuchukua mfupa, kama alivyozoea, na mbwa akamuuma. Meno mawili, kwenye mkono, chini ya kiwiko. Mbwa yeyote angeuma kwa ajili ya mfupa. Lakini huyu hakuwahi.

Nilimwosha mtoto kwa sabuni ya mche hadi ngozi ikawa nyekundu, nikambeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la mahindi hadi hospitali. Mganga alisikiliza yote, pamoja na habari ya mbweha. Aliniambia sindano zilikuwa chache na zilitunzwa kwa wale walioumwa na mnyama ambaye ugonjwa wake hauna shaka.

"Mfunge mbwa siku kumi," alisema. "Akifika siku ya kumi mzima, mtoto hana neno. Akifa kabla, au akibadilika, mlete huyu hapa siku hiyohiyo. Usingoje kesho. Ugonjwa ukishaonekana kwa mtoto, sisi hatuna la kufanya."

Nilimfunga chini ya mti wa mgrevilea, palipo na kivuli. Kila asubuhi nilisukuma bakuli la maji kwa fimbo ndefu na kungoja, roho juu. Akinywa, nilivuta pumzi. Nilisikiliza kubweka kwake kama sauti imekauka. Niliangalia miguu ya nyuma kama inayumba. Usiku niliamka kumpapasa binti yangu paji la uso, ingawa nilijua haikuwa na maana.

Majirani walikusanyika njiani, mbali kidogo kwa sababu ya mwiko, wakatazama.

"Mwalimu," balozi aliita siku ya tatu, "mate yanamtoka."

"Yanamtoka tangu alipokuja, Balozi. Unajua."

"Haya si yale."

Nilimjibu kwa ukali. Lakini kufikia siku ya tano mimi mwenyewe nilikuwa naona mate mengi kuliko zamani, mazito zaidi, na sikuweza tena kukumbuka zamani yalikuwaje. Siku ya sita hakula. Siku ya saba alikula. Mama mkwe alikuwa akihesabu kwa mafundo kwenye kamba ya katani, na kila fundo alilivuta kwa meno.

Siku ya nane asubuhi alikunywa bakuli zima, akatikisa kile kipande cha mkia. Maji ya nyumbani yalikuwa yamekwisha. Kisima kilikuwa karibu kiasi cha kusikia ndoo za wenzangu zikigongana, lakini hakikuwa chetu, basi nikamfunga mtoto mgongoni, nikabeba debe na kushuka hadi chini kabisa kwenye korongo. Kwenda na kurudi ni nusu ya siku.

Niliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama, na chini ya mgrevilea hapakuwa na mbwa. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, fimbo mapajani.

"Walikuja," alisema. "Wanaume sita, na mapanga. Nikawaambia amekata kamba, wakaenda kumtafuta korongoni. Nimemficha stoo. Bado siku mbili tu, mwanangu."

Stoo yetu ilikuwa ya mabati juu na pembeni. Ilikuwa mwezi wa pili, hakuna wingu. Mbwa wetu wa zamani tuliwafungia mle kutwa nzima bila dhara, hata mama mkwe angeapa kwa hilo. Nilitupa debe chini, sijui jinsi nilivyomshusha mtoto, nikafungua mlango. Joto lilinipiga usoni. Alilala amebandika uso kwenye uwazi mdogo chini ya mlango, udongo umechimbwa pale mpaka kucha zimetoa damu, ulimi umekuwa wa zambarau, povu limejaa mdomoni na kifuani. Nilimmwagia maji yaliyobaki kwenye debe. Akafungua macho mara moja tu. Kisha basi.

Mama mkwe alisimama nyuma yangu. Nilisikia anapumua. Yeye ndiye aliyemwokoa na mapanga.

Wanaume walirudi, wakaona povu. Waliingia uani kwangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, mwiko wakausahau, wakaleta kuni zao wenyewe wakamchoma. Mimi nilikuwa tayari njiani na mtoto.

Mganga aliuliza amekufaje. Nikasema amekufa na povu mdomoni. Akauliza kama asubuhi alikunywa maji. Niliona jokofu dogo nyuma yake, na ndani ya jokofu hilo nilijua kuna sindano chache. Kama ningesema alikunywa bakuli zima, kama ningesema habari ya stoo na mabati, angekuna kidevu na kufikiri. Sikutaka afikiri.

"Alikataa," nikasema. "Tangu jana."

Binti yangu alichomwa sindano kumi na nne, moja kila siku, kuzunguka kitovu. Ilipofika ya tano alikuwa akianza kulia akisikia viatu tu. Mimi nilimshika miguu. Mganga aliandika barua kwa bwana mifugo, kama alivyopaswa.

Tuliporudi Ganako palikuwa na ukimya ambao sikuuelewa hadi nilipofika nyumbani. Bwana mifugo alikuwa amepita na mgambo mwenye bunduki. Mbwa wote ambao hawakuchanjwa na waliowahi kugusana na boksa walikuwa wamepelekwa josho na kupigwa risasi, wanne kati yao wakiwa watoto wake. Wa tano hakuonekana, na mgambo akaachwa josho kumngoja.

Siku mbili baadaye mjane alisimama njiani, mahali pa kusimama watu, akaniita. Nilikwenda hadi kwenye ua. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "nimemficha kwenye kihenge. Anakula, anakunywa, analala na wajukuu. Watu wanasema mengi na mimi siwaamini. Lakini wewe umesoma, na mtoto wako ndiye aliyeumwa. Ukiniambia nitaamini. Mama yake alikuwa na kichaa kweli?"

Sindano zilikuwa zimekwisha. Hakuna ambaye angezitoa tena mwilini mwa binti yangu. Kilichobaki kilikuwa nyumba nne zenye kamba tupu, balozi, mganga na barua yake, na jina langu la Mwalimu. Palikuwa pia na mbweha, na wajukuu wawili wanaolala na mbwa, na ukweli kwamba sikujua. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa nawafikiria wajukuu. Siku zingine huwa naamini.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa nacho."

Alitikisa kichwa taratibu. Akanishika mkono juu ya ua, mwiko ama si mwiko, akanishukuru kwa kutomficha ukweli, akasema Mungu amlinde mtoto wangu. Kisha akashuka kwake. Nilimwona akifungua kihenge, akimfunga mbwa kamba ya shingo, na akipanda naye njia ya josho. Mbwa alikuwa mkubwa sasa, kifua kipana, na alikuwa akiruka kando yake kwa furaha ya kutolewa nje.