Saba ya Bibi Zulekha

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisimlishe mtu neno. Kumlisha mtu neno, alieleza Mtafiti Mkuu, ni kumtajia jibu kabla hajalitoa mwenyewe. "Ukishamtajia, Mama Nasri, rekodi hiyo ni takataka." Nilikuwa na mtoto mgongoni na cheti cha kidato cha nne mkobani. Nikaitikia.

Kazi ilikuwa kufuatilia ukoo wa namba saba katika lugha za Wahindi na Waajemi. Wagujarati husema sat, Waajemi haft. Wataalamu wanakisia zote zilizaliwa na neno moja, sapta, ambalo huliandika na kinyota mbele, alama kwamba hakuna aliyewahi kulisikia. Limeundwa kwa kulinganisha watoto wake. Upande wa India s ya mwanzo ilibaki, upande wa Uajemi ikageuka h. Wabulushi husema hapt, wametunza ile p. Tulitaka kujua kama Wabulushi wa Ujiji, baada ya vizazi vyote hivi, bado wanayo.

Tuliuliza mtaa wa Katubuka, tukauliza mwaloni kwa wavuvi. Wote walihesabu Kiswahili. Akabaki Bibi Zulekha, bibi wa mume wangu, aliyefundishwa kuhesabu na mama yake. Kiharusi kilikuwa kimeshampiga mara moja. Simu ikitoka Ujiji niliipokea kabla haijaita mara mbili. Nilijua kikija cha pili, hilo neno tumelizika.

Mtafiti Mkuu alikuwa na haraka, wafadhili wanasubiri. Alikaa mkekani kwa Bibi, akawasha kinasa sauti. Bibi akahesabu taratibu: yak, do, mpaka shash, yaani sita. Akanyamaza.

Mtafiti Mkuu akangoja kidogo tu. "Ni hapt, Bibi. Sivyo?"

"Eeh, baba."

"Safi sana."

Damu ilinichemka. Bibi yule amelelewa kwamba mgeni habishiwi. Mgeni akisema chai ina sukari nyingi, ataambiwa eeh. Akisema haina sukari, eeh. Nikachuchumaa karibu yake, nimjaribu kwa neno la Waajemi.

"Bibi, au ni haft?"

"Eeh, mama, hivyo hivyo. Na huyo mtoto mvalishe kofia, upepo wa ziwa huo."

Mtafiti Mkuu akazima kinasa, akaniita nje.

"Umeniharibia kazi."

"Umeiharibu mwenyewe, bosi. Umemlisha."

"Jibu ni sahihi. Liko kwenye kamusi."

"Sasa kama liko kwenye kamusi, Ujiji ulifuata nini? Kula migebuka ya ziwani?"

Hakucheka. Mkataba wangu ukaishia hapo, na mpaka leo sijui kwenye saba aliandika nini.

Basi nimestaafu na mtoto bado ananyonya, chekeni tu. Lakini nyinyi mtakaoifanya kazi hii, mzee akinyamaza, nyamazeni naye. Kama hamna muda huo, tafuteni kazi nyingine, msituchezee wazee wetu.

Mimi bado naenda Ujiji. Njia nzima roho iko juu, mpaka nisikie sauti yake uani. Juzi nilimkuta anapanga mafungu ya dagaa, anahesabu peke yake, kwa Kibulushi. Nikakaa kimya, nikamziba mtoto mdomo kwa titi asije akalia. Yak. Do. Akaendelea. Alipofika shash akasimama, fungu la dagaa mkononi, akanigeukia. Alikuwa anasubiri nimtajie.

Nikainamia mtoto, nikanyamaza.