Upanga Chini ya Godoro

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hapahapa Kunduchi, nilisimama mlangoni nikamzuia mama yako, dada yangu, asipelekwe hospitali. Najua uliambiwa vingine. Kaa kwanza, upanga uliokuja kuuomba utaupata, lakini mkeo ana siku tatu tu tangu ajifungue, na siwezi kukupa chuma hiki nikanyamaza.

Tulikuzwa tukiambiwa kwamba babu wa babu yetu alimkata nao jini mkono, na jini akaapa kutoikanyaga tena nyumba yenye upanga ule. Basi kila mwanamke wa ukoo wetu aliyejifungua alilala upanga ukiwa chini ya godoro, na yeye na upanga hawakuvuka kizingiti mpaka arobaini itimie.

Mama yako alipokuzaa, mwangalizi wa upanga nilikuwa mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, mjuaji kupita kiasi. Siku ya tisa akashikwa na homa, anatetemeka. Shangazi yetu akaita teksi.

"Hatoki," nikasema. "Akivuka kizingiti, jini atampata."

"We Saidi, mwenzio anaungua! Hebu nipishe!"

Sikumpisha. Mama yako akaniangalia, akasema, "Kaka, mie naumwa kweli." Nikamwambia avumilie. Teksi ikaondoka tupu. Alfajiri akafariki, na alasiri tukamzika.

Shangazi hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Kuni za kupikia matanga zilipopungua, alikwenda chumbani, akauchomoa upanga chini ya godoro, akanipa. "Kapasue." Nikapasua huku nalia. Ulikata vizuri tu, sawa na panga lolote la dukani. Nilipasua rundo zima, na hakuna mtu aliyekuja kunipokea kazi ile.

Mwanangu, utandike chini ya godoro ukitaka, ni kitu cha wazee wetu na huenda mkeo akapata usingizi. Ila siku akikwambia anaumwa, msikilize yeye. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na mzee yeyote akisimama mlangoni, hata nikiwa mimi, msukume upite.

Umekua bila mama kwa sababu yangu, na nimekuficha jambo hili miaka yote hii kwa woga. Usiponisamehe sitakulaumu. Namwomba Mungu amvushe mkeo salama, na mwanao amjue mama yake mpaka naye awe mtu mzima. Amina.