Kanisa la Kona Sita Lililotoka Sambusa

Mnaojifanya hamjawahi kudanganya ili mpate kazi, endeleeni tu. Mimi nilidanganya, na kamba za msingi wa kanisa ndizo zilizoniumbua.

Ilikuwa Agosti 1987, Kimilili. Mchungaji alitaka kanisa la kona sita, na fundi wake lazima awe amesoma.

Mimi shule ilinishinda darasa la saba. Lakini nilikuwa na mke, mtoto mchanga na mifuko mitupu. Nikatoka kwetu Matisi na cheti cha binamu yangu Bramwel, nikaajiriwa kwa jina lake.

Bramwel alinikaririsha kitu kimoja tu: umbo la pande sita sawa, kila pembe ya ndani ni digrii mia na ishirini.

Siku ya kupima, waumini wakajaa kutazama. Nikapiga kigingi, nikavuta kamba futi ishirini. Kwenye kona nikageuka digrii mia na ishirini. Nikavuta tena. Nikageuka tena.

Kamba ya tatu ikarudi kwenye kigingi cha kwanza.

Nikarudia. Sambusa ileile.

Mzee Wanjala wa kanisa akauliza kama Utatu Mtakatifu ndio umeamua tuwe na kona tatu. Watu wakacheka. Nililowa jasho mpaka kwa soksi.

Mama mmoja aliyekuwa akiwakorogea mafundi uji akaweka mwiko chini, akaja.

"Fundi, hiyo mia na ishirini ni ya ndani. Wewe unatembea mbele halafu unageuka, hiyo ni pembe ya nje. Ukizunguka yote mpaka mahali ulianzia, si umegeuka mia tatu na sitini? Gawa kwa sita."

Sitini. Kamba ya sita ikafunga vizuri kabisa. Mchungaji akapaza haleluya, akasifu elimu yangu.

Nilipoenda kumshukuru yule mama, alinimiminia uji kwanza.

"Mimi ni Mwalimu Nasimiyu. Niko likizo. Bramwel nilimfunza hesabu miaka nne. Sasa wewe ni nani?"

Nikamwambia ukweli wote.

"Kesho jioni kuja na daftari," akasema. "Na Jumapili utaambia mchungaji jina yako."

Nilisema, mbele ya kanisa zima. Aibu ilinila hai. Nikashushwa kuwa kibarua, ila sikufukuzwa.

Basi ndugu yangu, cheti cha mtu utaazima, kichwa chake kitabaki kwake. Na ukifika kona, geuka sitini.